Mwadhini Aliyewaozesha Mijusi

Mtu aliyeniudhi kuliko wote katika mtaa wetu wa Kamina ndiye ninayemkumbuka kuliko wote. Alikuwa mwadhini wa msikiti mdogo wa Waislamu wa asili ya Maniema, wale ambao babu zao walikuja na biashara na wajukuu wamebaki na biashara. Uzio wetu ulikuwa mmoja, wa matete, na miezi fulani ulilala upande wake, miezi mingine upande wangu, kwa kuwa kila mmoja wetu alishikilia kwamba mwenye wajibu wa kuutengeneza ni mwenzake. Mimi ni Mkatoliki, mjane, fundi wa cherehani. Maisha yangu yote niliamshwa na kengele ya misheni, mpaka nilipohamia pale, na tangu hapo aliyeniamsha alikuwa yeye. Sauti yake ilifika sokoni hata umeme ulipokatika na kipaza sauti kikabaki pambo. Lakini ukizungumza naye uso kwa uso alinong'ona, ikabidi umsogelee karibu kama padri anayesikiliza maungamo.

Jina lake nalijua, ila sitalitaja. Tulimwita Papa Mwadhini. Yeye aliniita Mama Couturière, yaani mama mshonaji, hata zile siku ambazo tulikuwa hatusemezani, maana alikuwa mtu wa kumsalimu hata adui yake. Alivaa kanzu ile ile na juu yake koti la zamani la mfanyakazi wa reli, na mfuko wa kulia wa koti hilo ulikuwa daima na panzi hai. Niliwahi kumshonea mfuko mpya. Nilipogeuza koti wakanirukia usoni, nikapiga kelele mpaka wanafunzi wangu wa kushona wakakimbilia barabarani. Yeye alicheka siku mbili. Huyo ndiye mtu ambaye watu wengine wa mtaa walisema hajui kucheka.

Panzi walikuwa chakula cha mijusi. Si hii mijusi yetu ya ukutani, wala kinyonga ambaye hakuna Mluba mwenye akili atakayemgusa. Hawa walikuwa wageni, wanene, wa rangi ya mchanga, urefu wa mkono mpaka kiwiko, wenye miiba laini ubavuni na ndevu kidevuni. Walikuja na mwalimu mmoja Mzungu wa shule ya ufundi, ambaye tulimwita Monsieur tu. Ile miaka ya mwanzo ya tisini, askari walipoanza kupora miji na Wazungu wakaondolewa kwa ndege, Monsieur hakupata nafasi ya kubeba hata vitabu vyake. Alikimbia kwa miguu hadi kwa mwadhini, aliyekuwa akimuuzia chumvi na sabuni, akamwachia sanduku lenye mijusi wanne na taa ya kuwapasha joto. Mijusi walikaa. Taa iliporwa siku ya pili, na askari aliyeichukua aliirudisha mwenyewe baadaye kutaka kujua kwa nini haitoi mwanga mweupe, kisha akaondoka nayo tena.

Basi mwadhini akafuga bila taa. Alitandika bati juu ya matofali uani, jua likalipasha, mijusi wakalala hapo asubuhi wakiwa wamejibana bapa. Juni na Julai, baridi ya Kamina inapomkunja hata mbuzi, aliwawashia mbabula ya makaa ndani ya nyumba, yeye mwenyewe akivaa soksi mbili. Aliwalisha mchicha wa lenga-lenga, matembele na maboga, akawanyunyizia maganda ya mayai aliyoyatwanga kuwa unga. Maganda aliyaomba kwangu. Nilimwambia kwamba mimi nauza nguo, siuzi mayai, na mtu anayekula mayai siku hizi ni askari au padri. Siku ya tatu nilimpelekea maganda.

Lazima niseme kwamba walipendeza. Dume akikasirika ndevu zake ziligeuka nyeusi, akatikisa kichwa juu na chini kama mtu anayekubali kila kitu. Jike alijibu kwa kuinua mkono mmoja na kuuzungusha polepole, kama anayeaga. Wanafunzi wangu walisimama kwenye uzio kumwangalia, nao walimpungia mkono. Nikawaambia wangekuwa na adabu kama ya mjusi huyo, mishono yao ingenyooka.

Wakubwa wa msikiti hawakupendezwa. Walimwita wakamwambia kwamba kwa hadithi mjusi ni kiumbe cha kuuawa, iweje mtu anayeita watu kwenye sala alale nao nyumba moja. Yeye hakubishana. Alimleta dume mkubwa, akamweka chini ya ukuta wa ua wa msikiti, wote wakimtazama, akanong'ona, "Yule mwenye kusemwa iko wa kupanda ukuta. Huyu, mungojee tuone kama atapanda." Wakangoja. Mjusi akafumba macho akalala. Mzee mmoja akasema kazi nyingine ziko mbele, wakamwacha, kwa sharti kwamba sanduku lisisogee karibu na mahali pa udhu.

Mtaani ilikuwa kesi nyingine. Hapo neno lilikuwa moja tu: bulozi, uchawi. Mtu anayekaa peke yake, hana mke, hana mtoto, usiku taa haimuwakii, na ana wanyama wenye ndevu, sasa watu waseme nini? Mimi mwenyewe mwanzoni nilinyunyiza maji ya baraka kwenye uzio. Aliniona. Akasema, "Asante, Mama Couturière, ule upande ulikuwa mukavu."

Ninachotaka hasa kueleza ni jinsi alivyowazalisha, kwa sababu hapo ndipo tabia yake yote ilipokuwa. Kizazi cha kwanza alikosea. Mayai yalianguliwa, wakatoka vijijusi vingi vya urefu wa kidole, na kila aliyeomba akapewa, maana alifurahi kuombwa. Mmoja akafungwa kamba na watoto akaburutwa mpaka akafa. Mwingine alichemshwa na mtu aliyeambiwa ni dawa ya nguvu za kiume. Wa tatu alitupwa chooni na mama mkwe wa mwenye nyumba. Mwadhini alipita nyumba kwa nyumba kuuliza hali zao, akarudi na habari hizo moja baada ya nyingine, na jioni ile adhana yake ilichelewa. Aliniambia kwenye uzio, "Kuzalisha, hata jogoo anajua. Minyi nilifanya kazi ya jogoo."

Tangu siku hiyo akaweka sheria, na kwa kuwa sheria aliyoijua vizuri ilikuwa ya ndoa, aliwawekea mijusi sheria ya ndoa. Dume na jike hawakukaa sanduku moja mpaka jike ametimiza umri na unene aliouridhia yeye. Kaka na dada, hata kutazamana hapana. Jike akishataga alitengwa, akalishwa vizuri, asimwone dume kwa muda mrefu, na kipindi hicho mwadhini alikiita eda bila hata kutabasamu. Mayai ya ziada hakuyaacha yaanguliwe. Aliyatoa mapema kabla hayajafanya kitu ndani, akasema mtoto asiye na nyumba inayomngoja asiitwe duniani. Na aliyetaka mjusi ilibidi aje na mtu mzima wa ukoo wake, akae mkekani, aseme haja yake, kisha mwadhini aende kuikagua nyumba. Posa kabisa. Watu walikuja kwa kicheko na kurudi kimya, kwa sababu wengi walikataliwa.

Kapteni mmoja wa Base, kambi ya jeshi nje ya mji, alikataliwa. Huyo alifika na jeep, akasema bila kushuka, "Papa, unipatie ile dragon. Mutoto yangu mwanamuke analia kila siku juu yake."

"Mon capitaine, kwetu mutu haoi akiwa ndani ya motokari. Utume mukubwa wa famille yako."

Mimi nilikuwa mlangoni na mkasi mkononi. Nilisema moyoni, leo tunazika mwadhini. Kapteni alimtazama sana, kisha akacheka, na kweli akarudi na mjomba wake mzee, wakakaa mkekani. Mwadhini akaenda Base kwa baiskeli kuiona nyumba. Alikuta mbwa chini ya meza na sanduku limewekwa kivulini. Akarudi na mjusi wake kifuani, ndani ya koti. Siku iliyofuata jeep ikaja.

"Unaninyima minyi mujusi? Minyi?"

"Sikunyimi. Nyumba yako iko muzuri ya batu. Tengeneza ya mujusi, mutoto wangu atakuya."

Kapteni alijenga banda la wavu juani, mbwa akafungwa nje, na binti akapata mjusi jike. Na kila mwezi mwadhini alipanda baiskeli hadi Base kumtazama. Serikali ya zamani ilipoanguka na wanajeshi wake wakatawanyika kila mtu na njia yake, mke wa kapteni alipita mtaani kwetu na mabegi na watoto, amebeba kichwani, kabla ya kitu kingine chochote, lile banda. Akalitua mbele ya mwadhini. "Papa, tunaenda, hatujue wapi. Ulisema tusimuache njiani." Mwadhini alimshukuru, akampa chumvi na unga wa safari. Wanawake wengi waliopita siku zile walipita bila hata sufuria, na yule alimrudisha mjusi. Nililia, sikuona haya.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nimjue. Wale wanne wa Monsieur walikuwa madume wawili ndugu, na majike wawili ambao hawakuwa na undugu wowote. Kila dume na mkewe. Miaka ikapita, mwadhini akabakiza kijana dume wa nyumba hii na binti jike wa nyumba ile, akaanza kuandaa arusi. Niliona nikashtuka.

"Papa Mwadhini, bale beko ndugu!"

"Hapana. Baba zabo njo beko ndugu. Bale iko mutoto wa baba mukubwa na mutoto wa baba mudogo."

"Kwetu Baluba, mutoto wa baba mudogo njo dada yako. Ukimuoa, kijiji yote inakukimbia."

"Kwenu. Kwetu inaruhusiwa." Kisha akanong'ona chini zaidi. "Minyi mwenyewe nilioa mutoto wa baba mudogo."

Hilo nililijua, na mtaa wote ulilijua. Nilimjua huyo mke. Aliwahi kuniletea kitambaa nimshonee gauni la uzazi, na nilipunguza kiuno chake kwa pini mara tatu katika miaka ile kwa sababu alizaa mara tatu na kila mara alirudi kwangu amekonda zaidi. Watoto wote watatu walikufa wachanga. Wa kwanza hakufika kutambaa. Wa pili miguu yake haikunyooka. Wa tatu alikaa duniani muda mfupi mno hata hatukupata nafasi ya kwenda kumwona. Baada ya huyo wa tatu mwadhini alisimama mbele ya wakubwa, uani msikitini, mchana, akasema maziwa ya mke wake ni mabaya, ndiyo yaliyoua watoto. Akampa talaka tatu kwa mpigo. Mama yule akapanda treni ya Kabalo kurudi kwao Maniema, na jina la mwenye maziwa mabaya likapanda naye. Mtu akishasemwa hivyo mbele za watu, atakayelifuta ni nani? Maji yakimwagika hayazoleki.

Hayo yote yalitokea kabla ya mijusi. Mijusi walimkuta mtu ambaye tayari anapika chakula cha mtu mmoja.

Basi binamu wale wakaoana. Jike akataga, mayai yakafukiwa kwenye mchanga wenye unyevu, ndani ya chungu karibu na mbabula. Yalipoanguliwa aliniita kwenye uzio, na alivyoniita nilijua kuna msiba, kwa sababu aliniita kwa sauti yake ya juu. Vijijusi vilikuwa vimepinda mgongo. Kimoja hakikuwa na jicho. Vingine viliburuta miguu ya nyuma juu ya mchanga. Vilivyo wima vilikuwa vichache, navyo vilikuwa dhaifu.

Mimi si daktari. Nilimwambia lililonijia: wiki ile umeme haukuwepo, makaa yalikuwa ghali, baridi iliingia, labda mayai yalipoa. Nilijua nilichokuwa nimesema kuhusu ndugu, na kwa mara ya kwanza sikutaka kuwa na haki mbele yake.

"Pengine iko baridi," alisema. "Pengine iko damu. Sijui. Lakini angalia, Mama Couturière, huyu mama yabo." Akanionyesha jike, aliyekuwa amelala juani amechoka. "Huyu hakunyonyesha mutu. Mujusi hana maziwa."

Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na kanzu yake nyeupe. Mimi nilibaki nimeshika tete la uzio.

"Kwa hii mijusi nimeuliza kila kitu," alisema. "Umri, nyumba, chakula, joto. Kwa batoto yangu sikuuliza hata kitu kimoja. Nilisema tu: iko maziwa yake. Kwa sababu ilikuwa rahisi."

Ningeweza kusema ni mapenzi ya Mungu, lakini hilo alilisema yeye mwenyewe kila siku kutoka msikitini na halikumsaidia. Aliwalisha wale waliopinda kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka wakaisha wote, kisha akatenga madume na majike moja kwa moja. Hakukuwa na damu nyingine Kamina nzima ya kuwaoza, na kwa Monsieur hakukuwa na njia ya kufika. Ukoo ule ungemalizikia kwake, naye aliupokea uamuzi huo kama mtu anayefunga duka. Wazee wakafa kwa uzee. Akabaki yule jike wa kapteni, aliyetaga mayai matupu kila msimu bila dume, na mwadhini akamchimbia mchanga atage kwa raha, ingawa alijua hakuna kitu ndani.

Tangu hapo alitaka jambo moja tu: kumfikia yule mama na kumwambia mdomo kwa mdomo kwamba alimsingizia. Kutuma salamu hakutaka. Alisema neno alilolisema kwa mdomo wake mbele za watu, litarudi kwa mdomo wake. Mbele ya wakubwa wa msikiti alilirudisha Ijumaa moja baada ya sala. Niliambiwa walitazama mikeka yao, kisha mmoja akauliza bei ya mafuta. Maneno ya Kamina yalikuwa yamekwisha. Yalibaki ya Maniema, na alikuwa anatafuta nauli ya treni pale vita vya pili vilipoanza.

Nani asiyejua ilivyokuwa? Maniema ikawa upande mwingine, sisi upande huu. Treni ya Kabalo haikuondoka tena. Base ikajaa askari wa nchi za mbali, ndege zikashuka na kupanda, bei ya unga ikabadilika kila asubuhi. Mwadhini akawa mtu wa kwenda stesheni bila kusafiri. Alisimama kwenye quai, pale abiria wanaposhukia, akiuliza kila anayefika kutoka kaskazini, hata askari, hata vichaa: umemwona mama mmoja wa Kasongo ya Maniema, mrefu, ana kovu kidogo kwenye nyusi? Watu walimwona mzee anayetafuta mkewe wakamhurumia, na hilo lilimkera. "Bibi yangu hapana," aliwasahihisha. "Nilimuacha. Namutafuta juu ya deni ya maneno."

Jioni alikaa na mjusi wake kwenye bati mpaka joto la mwisho lilipotoka. Nilipompelekea bukari, ugali wetu, alikula kidogo, akaniambia ni kitamu, akawapa majirani wengine kilichobaki. Alikuwa mtu mgumu kusaidia. Siku moja nilimwuliza kwa nini haoi tena, kuna wajane wa Kiislamu wazuri tu sokoni. Akasema, "Nitakagua nyumba yangu kwanza." Nilimwambia hiyo ni nyumba iliyokaguliwa mpaka imechoka. Alicheka, lakini uso wake ulibaki mpweke vile vile, na mimi nilirudi kwenye cherehani yangu nimenyong'onyea, kwa kuwa upweke wa mtu wa uzio mmoja unavuka.

Habari zilikuja na samaki. Wafanyabiashara waliotoka Mulongo, kule kwenye mabwawa ya Lualaba, walisema kuna familia ya Waislamu imekimbia vita kutoka upande wa pili kwa mtumbwi, mume, mke na watoto, na huyo mke ni mrefu, ana kovu kwenye nyusi, anakausha samaki. Mwadhini alinunua tairi jipya la baiskeli siku hiyo hiyo. Alikuja kwenye uzio na lile banda la kapteni, mjusi ndani, akaniomba nimtunzie mpaka arudi.

"Minyi? Nitamulisha panzi minyi?"

"Na matembele. Na jua. Nikikawia, usimupatie mutu."

Nilimlisha. Niliwashika panzi kwa kitambaa cha kushonea, na wanafunzi wangu walinicheka kwa zamu. Adhana ikasomwa na kijana ambaye sauti yake ilikatika katikati, nikagundua kwamba nilikuwa nachelewa kuamka. Mjusi alikufa siku chache kabla mwadhini hajarudi, juani, macho yamefumba, na nilidhani amelala mpaka jioni. Nilimngoja mwadhini kwa hofu. Aliporudi, amekonda, mguu mmoja umevimba, nilimwambia kabla hajashuka kwenye baiskeli. Alisema tu, "Aliishi sana, masikini," akaingia ndani akafunga mlango. Hakusema kuhusu Mulongo. Adhana ikarudi kwake, mvua za kwanza zikaanza, na mimi nilijizuia kuuliza, jambo ambalo kwangu si dogo.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya kuwakumbuka marehemu, sisi Wakatoliki huenda makaburini kusafisha. Nilienda na jembe kwa mume wangu. Mwaka ule njaa ilikuwa imewapeleka watu kulima hata huko. Mihogo ilisimama katikati ya misalaba na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuing'oa. Nilipomaliza kwangu nikamwona mwadhini upande wa Waislamu, kanzu ameikunja kiunoni, analima peke yake. Nikamwendea.

Alikuwa amesafisha makaburi mawili madogo na kuyawekea mawe kichwani. Kando yake udongo ulikuwa umechimbuliwa hapa na pale, juu juu, bila mpango.

"Nilimuona," alisema bila salamu, na kwa mtu yule hilo peke yake lilinitisha. "Iko na bwana muzuri. Batoto bane, wote wazima, wanakimbia. Nilisema yote mbele ya bwana yake. Nilisema: maziwa yako ilikuwa muzuri, minyi njo nilikuwa muongo. Alikuwa anageuza samaki. Hakuacha kugeuza."

"Na akasema nini?"

"Aliuliza: makaburi ya batoto yangu iko namna gani?"

Kwao wanawake hawaendi kuzika. Wanaume huchukua mtoto mlangoni, mama hubaki ndani na wanawake wenzake. Yule mama alikuwa amewatoa watoto watatu mlangoni na hakuwahi kuonyeshwa walipolala, kisha akafukuzwa kabla ya kuonyeshwa.

"Aliniambia: minyi sikuona hata moja. Nilikuwa najituliza tu, nasema, hata kama alinifukuza, yeye iko pale karibu, anabaangalia." Mwadhini alifuta jasho kwa koti. "Miaka yote hiyo sikukanyaga hapa, Mama Couturière. Hata Idi."

Akanionyesha mawe mawili. Kaburi la tatu hakuliona. Mtoto wa mwisho alikuwa mdogo sana, akanipimia kwa viganja urefu wa kaburi lake, na ardhi ile ilikuwa imelimwa na kupandwa na kulimwa tena. Waliosaidiana naye kumzika, mmoja alikufa, mwingine alikimbia vita.

"Weka jiwe hapa, karibu na ndugu zake," nilimwambia. "Mungu anajua."

"Mungu anajua. Mama yake atauliza: iko pale kweli? Nilishamudanganya. Sitamudanganya tena."

"Sasa utamutumia habari gani?"

"Nitarudi mwenyewe. Nitamuambia nimeona babili. Wa tatu nimemupoteza."

Nilivua viatu nikashika jembe langu, nikaanza upande wa pili wa mihogo, naye upande wake. Tulilima taratibu, tukigusa udongo kwa mkono kabla ya kila pigo. Hatukuona kitu. Jua lilipopanda aliinuka, akamwita yule mtoto kwa jina lake, jina ambalo katika miaka yote ya uzio ule sikuwahi kulisikia, kisha akainama akaendelea kulima.